Ng'ombe Aliyekuja Siku ya Familia

Siku yangu ya kwanza kazini nusura iwe ya mwisho. Nilikuwa bado nimeshika mfuko wangu wa nguo, nimesimama getini, nikamkuta mama mmoja amekuja kumwona mwanawe. Nikamwambia, karibu mama, pita ndani. Filimbi ikalia nyuma yangu kwa nguvu hadi mfuko ukanidondoka.

"Wewe nani?" aliuliza mwenye filimbi.

"Mlezi mpya, Mkuu."

"Mlezi mpya unaanza kazi kwa kuvunja sheria?"

Huyo ndiye Mkuu wa kwanza wa Makao ya vijana niliyefanya naye kazi. Kabla ya hapo alikuwa jeshini, na jeshi lilikuwa bado halijamtoka. Vijana waliamka kwa filimbi, wakala kwa filimbi, wakaoga kwa filimbi. Yule mama alirudishwa alikotoka, mimi nikaingizwa ofisini kupewa somo.

"Sikiliza, Mama Shabani. Hospitalini, mgonjwa wa malaria unamlaza kitanda kimoja na mbu?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi hapa mgonjwa ni kijana, na mbu ni familia yake."

Nikaitikia kwa sababu nilihitaji kazi. Lakini mimi ni mtoto wa Kaloleni, mjini Arusha, na marehemu baba yangu alikuwa muuza vitambaa. Kwetu ukimchapa kofi mtoto wa jirani, utakwenda mwenyewe kumweleza mama yake sababu, na utanyweshwa chai hukohuko. Leo naambiwa kuna mama ni mbu. Niliona makubwa.

Ninyi vijana mnaosomea ustawi wa jamii siku hizi, mnaokuja kunihoji na simu zenu mkiziegemeza kwenye birika langu, hamjui Makao yalikuwaje. Yalikuwa pale Engutoto, nyumba ndefu ya mabati yenye mabweni, jiko na uwanja wa mpira wenye mteremko, timu inayoshambulia kwenda juu ilikuwa inafungwa siku zote. Tulilea vijana wa umri ule mgumu, ambao sauti inakatika na akili inakwenda likizo. Wengine walitoka stendi, wengine walikimbia nyumbani, wengine waliletwa na polisi. Mlezi ndiye anayelala nao, anayepakua chakula, anayejua nani kakojoa kitandani na kumfichia siri. Kila kijana alikuwa na jalada, yaani faili la maisha yake, na ndani yake mna sehemu imeandikwa Ushiriki wa Familia. Chini ya Mkuu yule sehemu hiyo ilibaki nyeupe, na mwenyewe alijivunia weupe huo.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Wakubwa wenzangu wanalikumbuka neno hilo. Sabuni za kunukia zikarudi madukani, mitumba ikamwagwa sokoni, vibanda vya video vikaota hadi Ngaramtoni. Miaka michache baadaye Mkuu wetu akastaafu, akaondoka na filimbi yake, akaja mwingine mwenye mkoba mgumu na tai. Tulipomwita Mkuu akatukataza.

"Mniite Mkurugenzi," alisema. "Mkuu ni cheo cha wakati wa foleni za sukari."

Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Tatizo lake lilikuwa semina. Akirudi kutoka semina, maneno mapya yalimtoka kwa wiki nzima, mpaka mpishi akauliza kama ugali nao sasa una jina jingine. Siku moja alirudi na neno ushirikishwaji. Familia sio mbu tena, alisema. Familia ni nguzo. Moyoni nilimpigia makofi. Nilidhani dunia imekaa sawa.

Akatangaza Siku ya Familia. Barua zikapelekwa kwa watendaji wa kata, wafadhili wakaalikwa, viti vikakodiwa. Siku ilipofika watu walikuja, tena wengi kuliko tulivyotarajia, na karibu wote wamebeba magunia matupu. Kumbe kule vijijini habari ilifika kwamba wazungu watagawa mitumba. Mkurugenzi akasimama na makaratasi yake makubwa ya kuchorea, akaeleza nguzo na mihimili kwa muda mrefu. Alipouliza kama kuna swali, bibi mmoja akanyoosha mkono.

"Mafuta ya kupikia mtatoa kabla au baada ya chakula?"

Aliyenimaliza ni baba mmoja wa Nduruma. Alikuja na watoto wawili wadogo, wameogeshwa wakang'aa mafuta. Nikamwuliza hawa ni wageni wa nani.

"Mkubwa wao mnaye hapa," alisema. "Nimemwona, amenenepa, ana viatu. Nimewaletea na wadogo zake, wasije wakaona wivu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkurugenzi hakucheka. Wafadhili waliandika mambo kwenye karatasi zao, na barua ikaja baadaye: kijana mkubwa ambaye familia yake haishiriki apelekwe kituo cha ufundi, mkoa mwingine, mbali, huko akajifunze useremala na kuanza maisha upya. Tukapekua majalada. Jalada jeupe kuliko yote lilikuwa la Saning'o.

Saning'o alikuwa kijana wa Kiarusha kutoka Sambasha, mlimani juu ya Ngaramtoni. Mrefu, mkimya, mchapakazi. Hakugombana na mtu. Kazi yake aliyoipenda ilikuwa kupokea maziwa getini alfajiri, na hakuruhusu mwingine ayapokee. Kila mwezi tulimwuliza habari za kwao, kila mwezi alijibu, "Wapo." Nilipomwambia uamuzi wa kumhamisha alitazama Mlima Meru kwa muda, akaniuliza kama huko anakopelekwa unaonekana. Nikamwambia hauonekani. Akaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Iliniuma, nawaambia ukweli. Niliwahi kuona vijana wakilia na kuvunja madirisha, lakini huyu wa kufagia alinikosesha raha zaidi.

Wakati huohuo wafadhili walituletea makatoni ya maziwa ya unga ya makopo, yenye picha ya ng'ombe mnene sana. Mkurugenzi akafuta maziwa ya kienyeji, ya gumegume ndivyo alivyoyaita, na aliyekuwa akituletea ni Mama Nembris. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba wa Kiarusha, shanga masikioni, mwenye mwendo wa haraka. Nilikuwa nikimshangaa tangu zamani kwa mambo mawili. La kwanza, alitoka upande wa Ngaramtoni, akavuka mji mzima wenye hoteli na wateja, akatuletea sisi Engutoto, upande wa pili kabisa. Nilimwona hajui biashara. La pili, maziwa yake hayakuwahi kuwa na maji. Tulikuwa na kipima maziwa, kijiti cha kioo unachokitumbukiza, kikielea juu maziwa ni halisi, kikizama ujue umeuziwa mto. Wauzaji wengine walikuwa wakikiona wanakumbuka safari. Kwenye maziwa ya Mama Nembris kilielea siku zote.

Asubuhi ya kwanza ya maziwa ya kopo, Saning'o alikataa chai. Mchana akakataa ugali. Jioni Mkurugenzi alimwita ofisini akamsomea faida za vitamini, na chakula cha usiku nacho akakikataa. Nikamchukua jikoni, nikamkalisha kwenye gunia la mkaa.

"Wewe, mbona unatutia majaribuni? Maziwa ni maziwa."

"Hayo siyajui, Mama. Yale yalikuwa ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu. Mama Nembris ni mama yangu. Nembris ni dada yangu mkubwa."

Nilikaa na mimi kwenye gunia. Chini ya Mkuu wa filimbi, mgeni alikatazwa, lakini maziwa hayakukatazwa. Yule mama alikuwa amepita hapohapo, kila alfajiri, miaka yote ile, anamtazama mwanawe anapomimina debe. Sisi tunaandika familia haishiriki, na chai tunayonywa tukiandika imetoka kwenye chuchu za ng'ombe wao.

"Na nini kilikutoa nyumbani?"

Akanieleza. Baba yake, Mzee Loishiye, alimpa mtamba mmoja amchunge, mtamba mzuri ambaye bado hajazaa. Yeye akamfunga nje ya kibanda cha video Ngaramtoni aone kidogo picha ya kareti. Alipotoka, kamba ipo, mtamba hayupo. Baba alikuwa amekaa na wazee wa rika lake, wale waliotahiriwa pamoja naye, wanakunywa. Akasema mbele yao wote, "Usikanyage hapa bila mtamba wangu." Saning'o akatafuta mpaka akachoka, akaishia stendi, na stendi ikamleta kwetu.

"Kwa hiyo mtamba alipotea moja kwa moja?"

"Hapana. Alirudi mwenyewe jioni ileile. Sasa ni ng'ombe mkubwa." Akainama. "Huyo ndiye mlikuwa mnamnywa, Mama."

"Sasa kama ng'ombe yupo, kinachokuzuia kurudi ni nini?"

"Baba hajaniita. Mpaka aniite, hata Mama hathubutu kujitaja kwenu."

Kesho yake nilimfuata Mama Nembris sokoni, akanichukua hadi Sambasha. Kazi hii ya kumfuata mzazi kwake tuliiita ziara ya nyumbani, na sharti lake la kwanza ni viatu. Mimi nilivaa vya kisigino. Tope jekundu la mlimani lilinivua kimoja, likanivua na cha pili, nikaingia kwa Mzee Loishiye peku kama nimekuja kuposa.

Mzee mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameona mwanamke mwenye mkoba, akadhani ni watu wa kodi, akajificha kwenye shamba la kahawa. Nilitaka kumwita. Mama Nembris akanikataza.

"Usimwite. Kunywa chai tu. Akisikia mgeni anacheka kwake na yeye hayupo, atatoka."

Tukanywa chai, tukala loshoro, mahindi ya kupondwa na maziwa ya mgando, nikawa nacheka kwa sauti hata pasipo na kichekesho. Haikuchukua muda. Mzee akatoka kwenye mibuni, majani kichwani, blanketi begani, anatembea taratibu kana kwamba alikuwa anakagua shamba.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu, na hapo Kimaa changu kikaishia. Nikaongeza, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuhusu yule kijana?"

Nilikuwa nimepanga hotuba nzima ya nguzo na mihimili. Nikaiacha.

"Wanataka kumpeleka mbali, Mzee. Nikauliza, baba yake alimfukuza kweli?"

"Sikumfukuza. Nilisema asirudi bila mtamba."

"Na mtamba alirudi."

"Alirudi mwenyewe. Hakurudishwa na yeye."

"Mzee wangu, si ni mtamba yuleyule?"

"Nilisema mbele ya wazee wa rika langu. Nikienda mjini kumbeba kijana mgongoni, watanichekea mpaka kaburini. Aje mwenyewe."

"Yeye anasema hajaitwa."

"Basi."

Nikaona hapa tutazeeka sote. Nikaweka kikombe chini.

"Haya, ya mtoto tuyaache. Kilichonileta hasa ni maziwa. Ofisini wameyakataa."

Akageuka. "Maziwa yangu?"

"Wanasema ya kopo ni mazito zaidi. Mimi simo, Mzee. Ila mtu wa barabarani akisikia maziwa ya kwa Loishiye yamerudishwa getini, atafikiri nini?"

"Atafikiri yana maji."

"Mimi sijasema."

Mama Nembris alijifunika mdomo kwa khanga. Mzee alisimama, blanketi likamteleza.

"Kila asubuhi ninakama mwenyewe kwa mkono huu. Ninamwambia huyu mama, ya Ngaramtoni fanya unavyotaka, lakini ya Engutoto lisiingie hata tone la maji. Muulize."

Nikakichukua tena kikombe changu.

"Mzee," nikamwuliza polepole, "ya Engutoto kwa nini lisiingie hata tone?"

Alitazama zizini. "Ng'ombe ni wangu. Lazima nijue maziwa yake yanakwenda wapi."

Sikumbana zaidi. Nikasema tu kwamba Siku ya Familia nyingine imekaribia, na kwamba Mkurugenzi na wafadhili wake watakuwepo wote. Nikashuka mlima nimeshika viatu mkononi.

Nilijua atakuja. Nilidhani atakuja na kibuyu.

Siku yenyewe viti vimepangwa, wafadhili wamekaa mbele, familia zimekuja safari hii bila magunia kwa sababu niliwatumia salamu kwamba hakuna cha kubeba. Saning'o alikuwa amekaa nyuma, sanduku lake la mbao limeshafungwa kamba. Gari la kumpeleka lilikuwa la Jumatatu. Mkurugenzi ameshika kipaza sauti, yuko kwenye mhimili wa pili. Geti likafunguka. Aliingia kwanza ng'ombe, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, akafuata Mzee Loishiye ameshika kamba, wakafuata wazee watatu wa rika lake na fimbo zao, na Mama Nembris amebeba ndoo na kigoda. Walikuwa wametoka Sambasha kwa miguu, wamevuka mji mzima, askari wa barabarani kawasimamishia magari.

"Nani amesema maziwa yangu yana maji?" aliuliza Mzee.

Mkurugenzi alinitazama. Mimi nikawa natazama mawingu ya Meru.

"Karibu, Mzee," akasema Mkurugenzi. "Jina lako liko kwenye orodha ya—"

"Leteni kipimo."

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kukama palepale, mbele ya wafadhili. Lakini ng'ombe wa mlimani hajawahi kusikia kipaza sauti. Kilipopiga mluzi, alirusha teke, ndoo ikaruka, tai ya Mkurugenzi ikanywa ya kwanza. Wazee wa rika wakamshika pembe, akawaburuta. Watu wakaanza kukusanya watoto wao.

Mzee hakuinuka. Alisema bila kutazama upande wowote, "Hapa hakuna mtu anayemjua ng'ombe huyu?"

Saning'o aliinuka kule nyuma. Alipita katikati ya viti bila haraka, akamshika ng'ombe chini ya taya, akamnong'oneza kitu sikioni, akamkuna shingo. Ng'ombe akatulia. Baba akakama, mwana ameshika, mpaka ndoo ilipojaa povu. Mimi nilikuwa nimetoa leso, na mpishi wetu, mwanaume mzima, akaniomba nimkatie kipande.

Kipima kikatumbukizwa. Kikaelea. Wafadhili wakapiga makofi, nadhani walidhani ni ngonjera.

Mzee Loishiye akafuta mikono kwenye blanketi, akawageukia wazee wa rika lake.

"Mnakumbuka nilisema nini siku ile?"

"Tunakumbuka," wakajibu. "Asikanyage bila mtamba wako."

"Mimi nimechoka. Mlima ule siwezi kuupanda leo na ng'ombe." Akanyoosha mkono wenye kamba, bado hamtazami mtu. "Kama kuna wa kumrudisha, amrudishe."

Ndipo nilipoelewa kwa nini hakuja na kibuyu. Wazee wale nao walielewa, maana walitazamana, mmoja akakohoa kuficha kicheko, na hakuna aliyesema Loishiye amemeza neno lake.

Saning'o alishika kamba. Kisha akainamisha kichwa mbele ya baba yake, kama mtoto wa kwao anavyomsalimia mzee, awekewe kiganja utosini. Mzee akainua mkono, haukufika. Katika miaka ile kijana alikuwa amempita kimo.

"Umerefuka," alisema baba. "Inama zaidi."

Akainama zaidi, na mkono ukakaa pale utosini muda mrefu kuliko salamu.

Mkurugenzi, ananuka maziwa, akaninong'oneza, "Mama Shabani, kwenye jalada tuandike nini?"

"Andika ng'ombe amerudishwa," nikamwambia. "Na ukienda semina nyingine, wapelekee hiyo."

Baada ya hapo nilifanya kazi na wakurugenzi wengine, mmoja mwenye kompyuta, mmoja mwenye usingizi. Wote niliwafundisha jambo moja: usimwite mzazi aje kufundishwa kumpenda mwanawe. Tafuta kitu ambacho tayari anakileta, umwulize habari za hicho. Wapo waliokuwa hawaleti chochote, sitawadanganya, na vijana wao wakaenda mbali, na mimi nikawafungia masanduku. Lakini walikuwa wachache kuliko majalada yetu yalivyosema.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani, na kile kipima maziwa nikakiomba, wakanipa. Sasa nipo Kaloleni, magoti yamegoma, na wanangu wako Dar, wananipigia simu kuniuliza nimekula nini. Asubuhi pikipiki husimama mlangoni. Ni Saning'o, mwanaume mwenye mvi sasa, na dumu langu la maziwa.

"Shikamoo, Mama. Mzee anakusalimu."

"Marahaba. Bado anakama?"

"Mikono imekataa. Anakaa tu kwenye kigoda chake, tunakama sisi. Kila dumu anauliza, hili la nani? Tukisema la Mama Shabani, anasema lisiingie hata tone."

Kipima changu kimo kabatini, kimefungwa kwenye leso. Sijawahi kukitoa.